Latynina baada ya medali 18: alikuwa kocha wa kweli, au jina lilitosha?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na jioni nafundisha jimnastiki kikundi kidogo cha wasichana. Nimesoma habari za Larisa Latynina, kwamba alishinda medali 18 za Olimpiki kisha akawa kocha wa timu ya wanawake ya Muungano wa Kisovyeti. Maisha yake ya uchezaji yameelezwa kurasa kwa kurasa, lakini ukocha wake humalizwa kwa sentensi moja. Mwenzangu mmoja hushikilia kwamba alipewa kazi ile kwa ajili ya jina tu, kwa kuwa wachezaji wake wote walikuwa na walimu wao wengine, na kwamba mwishowe aliondolewa kwa sababu ya kushindwa na Romania. Je, ni kweli? Na huo ubingwa wake ulimsaidia katika ukocha au ulimkwamisha?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Rafiki yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomfanya asikike kama mtu anayeijua habari yote. Ni kweli kwamba wasichana waliong'ara chini ya Latynina walikuwa na walimu wao, waliowalea tangu utotoni katika miji ya mbali na Moscow. Si kweli kwamba aliondolewa kwa sababu timu yake ilishindwa. Alikuwa kocha mkuu kuanzia 1967 hadi 1977, na katika kipindi hicho timu ya wanawake ya Kisovyeti ilishiriki Olimpiki tatu, za Mexico City mwaka 1968, Munich mwaka 1972 na Montreal mwaka 1976, ikatwaa dhahabu ya timu katika zote tatu. Mtu mwenye matokeo ya namna hiyo haondolewi kazini isipokuwa kuna jambo lingine, na jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalojibu swali lako la mwisho. Ladha iliyomfanya awe bingwa ndiyo iliyompa jicho la ukocha, na ndiyo hiyohiyo iliyomtoa kazini.

Ladha hiyo haieleweki bila kurudi nyuma kidogo, kwa sababu jimnastiki aliyoicheza Latynina si hii tunayoitazama leo. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1934 huko Kherson, mji wa kusini mwa Ukraine, akiitwa Larisa Diriy; Latynina ni jina la mume wake wa kwanza. Baba yake aliuawa katika mapigano ya Stalingrad, na mama yake akamlea kwa kazi mbili, mchana usafi na usiku ulinzi. Mtoto huyo hakuwa na ndoto yoyote ya jimnastiki. Alichotaka ni baleti, na baleti ndiyo aliyoianza. Darasa la baleti la mji wake lilipofungwa ndipo akaenda kwa kocha wa jimnastiki, Mikhail Sotnichenko. Baadaye alihamia Kyiv, akasoma katika taasisi ya elimu ya viungo, na huko akaendelezwa na Aleksandr Mishakov. Naitaja baleti kwa makusudi, kwa sababu hakuiacha mlangoni alipoingia ukumbi wa jimnastiki. Aliingia nayo, na miaka thelathini baadaye alikuwa bado anayo.

Melbourne, mwaka 1956, ndiyo Olimpiki yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 21, akachukua dhahabu nne, ukiwamo ubingwa wa jumla (alama za vifaa vyote pamoja), na aliyeshika nafasi ya pili nyuma yake alikuwa Ágnes Keleti wa Hungaria, mwanamke wa miaka 35. Hebu tulia hapo kidogo, mwalimu. Wawili bora kuliko wote duniani walikuwa watu wazima, mmoja amekaribia makamo, na katika mazoezi ya sakafuni waamuzi walishindwa kuwatenganisha, wakawapa dhahabu wote wawili. Wakati ule samasoti, yaani kupinduka hewani, katika mazoezi ya sakafuni ilikuwa chumvi, haikuwa chakula chenyewe. Mwamuzi alitazama mstari wa mgongo, kifundo cha mkono kinavyomalizia mwendo, namna mchezaji anavyotoka kwenye mzunguko na kuingia kwenye hatua inayofuata bila kuonekana amejiandaa. Mtu aliyetoka kwenye baleti alikuwa nyumbani kabisa.

Hesabu ya medali zake unaijua, nami sitaikalia: Melbourne dhahabu nne, fedha moja na shaba moja; Roma mwaka 1960 dhahabu tatu, fedha mbili na shaba moja; Tokyo mwaka 1964 mbilimbili za kila aina. Jumla ni dhahabu tisa, fedha tano na shaba nne. Katikati ya hapo kuna mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 1958, ambako alitwaa dhahabu tano kati ya sita akiwa mjamzito; binti yake alizaliwa Desemba mwaka huohuo. Ila kuna jambo moja katika orodha hiyo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Katika kuruka farasi, katika fito mbili zisizolingana kimo na juu ya boriti, matokeo yake yalipanda na kushuka kutoka Olimpiki moja hadi nyingine. Sakafuni hakushuka. Alichukua dhahabu mara tatu mfululizo, 1956, 1960 na 1964, na ya mwisho aliichukua siku zile zile ambazo Věra Čáslavská wa Chekoslovakia alikuwa amekwisha kumnyang'anya ubingwa wa jumla. Ukitaka kujua mchezaji anaamini nini, mtazame katika kifaa ambacho hashindwi.

Sasa twende kwenye ukocha, ambako hoja ya mwenzako inahitaji kupimwa kwa makini.

Mashindano ya dunia ya 1966 yalifanyika Dortmund. Latynina alicheza, akiwa na umri wa miaka 31, na Chekoslovakia ikaipokonya timu ya Kisovyeti ubingwa wa timu. Mwaka uliofuata ndipo alipokabidhiwa timu hiyo. Kwa hiyo hakupewa kiti cha heshima mahali palipotulia. Alipewa nyumba ambayo paa lake lilikuwa limeanza kuvuja, na wapangaji wenyewe wakiwa watoto. Kizazi chake kilikuwa kimemaliza kazi. Waliobaki walikuwa wasichana kama Natalia Kuchinskaya, aliyeshinda dhahabu tatu za vifaa huko Dortmund akiwa na miaka 17, na wadogo zaidi yake ambao hawajaiona Olimpiki.

Hapa ndipo inapofaa kueleza kazi yenyewe, kwa sababu neno kocha linatumika kwa kazi mbili tofauti. Katika mfumo wa Kisovyeti mtoto aliingia shule ya michezo ya mji wake, na mwalimu aliyemfundisha kupiga samasoti ya kwanza ndiye aliyebaki naye mpaka mwisho. Ludmilla Turishcheva alikuwa wa Vladislav Rastorotsky huko Grozny, chini ya milima ya Kaukazi. Olga Korbut alikuwa wa Renald Knysh huko Grodno, Belarus, karibu na mpaka wa Poland. Nellie Kim alitoka Shymkent, kusini mwa Kazakhstan. Hawa hawakuwa wanafunzi wa Latynina kwa maana ambayo wasichana wako wa jioni ni wanafunzi wako. Hakuwafundisha kusimama kwa mikono. Aliwapokea kambini wakiwa tayari ni hodari, kila mmoja na mwalimu wake pembeni, kila mwalimu akiamini kwamba njia yake ndiyo njia, na wote wakijua kwamba nafasi ni sita tu.

Kazi ya kocha mkuu ilikuwa kuchagua hao sita na kuwapanga, na kazi hii ya kupanga ni ngumu kuliko inavyosikika. Katika mashindano ya timu ya zama zile, wasichana sita walicheza kila kifaa na alama tano bora ndizo zilizohesabiwa. Mwamuzi ni binadamu. Hawezi kumpa msichana wa kwanza 9.8 kati ya 10, maana hajui wa sita atafanya nini, na akishafika juu mapema hana tena pa kupanda. Kwa hiyo wa kwanza hubanwa, wa pili huongezewa kidogo, na wa mwisho huvuna kilichopandwa na waliomtangulia. Kocha anayempanga mchezaji wake mwenye hofu nafasi ya kwanza juu ya boriti, ubao wenye upana wa sentimita 10, anaweza kupoteza dhahabu kabla kifaa hakijapata joto. Anayempanga nyota wake mapema mno anamtoa sadaka. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma kanuni. Hulijua mtu aliyesimama mara nyingi mbele ya meza ya waamuzi, akaona kwa macho yake zoezi lilelile likipewa alama tofauti kulingana na nani aliyetangulia. Latynina alikuwa amesimama hapo kwa miaka kumi na miwili, tangu mashindano ya dunia ya Roma mwaka 1954. Hapa jina halikuwa pambo. Lilikuwa na ujuzi ndani yake.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa Mexico City, Oktoba 1968, na sidhani kama kocha yeyote wa jimnastiki amewahi kupewa wa kwanza mgumu kuliko huo. Miezi miwili kabla, vifaru vya Kisovyeti vilikuwa vimeingia Prague. Čáslavská, aliyekuwa ameunga mkono wanamageuzi wa nchi yake hadharani, alifika Mexico akiwa kipenzi cha ukumbi mzima, na wasichana wa Latynina waliingia sakafuni wakiwakilisha serikali ambayo watazamaji hawakuipenda. Lyubov Burda alikuwa na miaka 15. Turishcheva alikuwa ametimiza 16 mwezi huohuo, na juu ya boriti alianguka. Timu ya Kisovyeti ilimaliza na alama 382.85 na Chekoslovakia 382.20. Ukikumbuka kwamba kuanguka mara moja kulikatwa nusu alama, utaona kwamba tofauti ya dhahabu na fedha ilikuwa mwanguko mmoja na kitu kidogo juu yake. Ushindi mwembamba kama huo, kwa timu changa, katika ukumbi usio upande wako, haupatikani kwa jina la kocha. Ubingwa wa jumla ulikwenda kwa Čáslavská, na dhahabu ya sakafuni aliigawana na Larisa Petrik wa timu ya Latynina. Wimbo wa taifa wa Kisovyeti ulipopigwa kwenye jukwaa, Čáslavská alikigeuza kichwa chake chini na pembeni. Dunia ilikumbuka kichwa kile, na ilikuwa haki yake kukumbukwa. Kazi ya kocha wa upande wa pili ilipita kimya.

Munich ilileta tatizo la aina nyingine, nalo ni tatizo ambalo hata wewe na kikundi chako utakutana nalo: wachezaji wawili hodari wasiofanana hata kidogo. Turishcheva, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1970, alikuwa na miaka 19. Alicheza kwa utulivu, mgongo umenyooka, kila kitu mahali pake. Korbut alikuwa na 17, mdogo wa umbo, na Knysh alikuwa amemfundisha mambo ambayo hakuna mwanamke aliyeyazoea: samasoti ya kinyumenyume juu ya boriti, na mruko wa kinyumenyume kutoka ufito wa juu na kuushika tena. Televisheni zilimpenda mara moja. Katika fainali ya ubingwa wa jumla Korbut aliharibu mambo kwenye fito, mguu ukakwaruza mkeka, akakosa kushika, akapewa 7.5, na kamera zikamfuata kitini alikoketi akilia. Turishcheva akatwaa ubingwa wa jumla karibu bila kutazamwa. Baada ya siku moja Korbut akarudi kwenye fainali za vifaa na kuchukua dhahabu za boriti na sakafu.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba Munich ilikuwa ushindi wa Knysh na Rastorotsky, si wa Latynina. Kwa medali za mtu mmojammoja, sina ubishi mkubwa. Ila hao wawili walikuwa na walimu wenye mawazo yanayopingana kabisa kuhusu jimnastiki ni nini, na bado dhahabu ya timu ilipatikana kwa jasho la wote wawili. Mwenye kuwaketisha mezani pamoja watu wa namna hiyo, akachagua bila kuivunja timu, alikuwa anafanya kazi. Binafsi naamini moyo wake ulikuwa zaidi kwa Turishcheva, ambaye alicheza kama mtu aliyelelewa na macho yaleyale ya Melbourne. Lakini hakumzuia Korbut, na hilo nalihesabu upande wake.

Kisha ikaja Montreal. Tarehe 18 Julai 1976 Nadia Comaneci wa Romania, mwenye miaka 14, aliteremka kutoka kwenye fito, na ubao wa alama ukaonyesha 1.00, kwa sababu haukuwa umetengenezwa kuonyesha 10. Ubingwa wa jumla ukawa wake kwa alama 79.275, Kim akifuata kwa 78.675 na Turishcheva kwa 78.625. Huu ndio ushindi wa Romania anaouzungumzia mwenzako. Lakini tazama ubao wa timu wa mashindano hayohayo: Muungano wa Kisovyeti wa kwanza, Romania ya pili. Tofauti ilikuwa zaidi ya alama tatu, tena katika mchezo ambao Mexico uliamuliwa kwa 0.65. Kim naye alipewa 10 mara mbili, katika kuruka farasi na sakafuni, akazipata dhahabu za vifaa hivyo vyote viwili. Kwa kipimo cha timu, Montreal ulikuwa ushindi mpana zaidi kuliko ule wa Mexico.

Wakubwa wa michezo huko Moscow hawakuutazama ubao wa timu. Walimtazama mtoto wa Romania. Latynina mwenyewe amesimulia kwamba alilaumiwa kwa kuthamini uzuri wa mwendo na haiba ya kike kuliko mbinu ngumu za hewani, akaambiwa kwamba jimnastiki yake ilikuwa imepitwa na wakati, naye akawajibu kwamba si kosa lake kuwa Comaneci amezaliwa Romania. Jibu ni la mtu aliyekwisha kuchoka kubishana. Mwaka 1977 aliondoka, akahamia kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Moscow ya 1980, akasimamia upande wa jimnastiki.

Je, waliomlaumu walikosea? Hapa nakuomba tuwe waadilifu, kwa sababu ni rahisi kumpenda mtu aliyeonewa mpaka tukampa haki asiyokuwa nayo. Mchezo ulikuwa unabadilika kweli. Samasoti ilikuwa imeacha kuwa chumvi. Umri ulikuwa unashuka, miili inakuwa midogo, na kila ugumu mpya ulioonekana katika mashindano mamoja ulidaiwa kwa wote katika yaliyofuata. Kocha mkuu aliyeamini kwamba mwanamke mzima ndiye kipimo cha mchezo wa wanawake alikuwa anaogelea dhidi ya mkondo. Angeendelea hadi 1980, huenda angeshindwa vibaya. Huenda pia asingeshindwa. Tunachokijua ni kilichotokea bila yeye. Mwaka 1978 huko Strasbourg timu ya Kisovyeti ilishinda, na Elena Mukhina akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1979 huko Fort Worth, Texas, Romania ilichukua ubingwa wa timu. Kwa hiyo ile dhahabu ya timu ambayo Latynina alilaumiwa kana kwamba ameipoteza, ilipotea miaka miwili baada ya yeye kuondoka.

Na Julai 1980, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Moscow, Mukhina alivunjika shingo mazoezini huko Minsk alipokuwa akijaribu samasoti ya sakafuni iliyoazimwa kutoka jimnastiki ya wanaume, ambayo humtaka mchezaji atue akibingirika. Alipooza mikono na miguu, akaishi hivyo hadi kufa kwake mwaka 2006. Sisemi kwamba angekuwapo Latynina isingetokea. Kufanya hivyo ni kuwatumia wagonjwa kushinda ubishi. Nasema tu kwamba lile swali aliloulizwa mwaka 1977, la uzuri au ugumu, halikuwa swali la mapambo. Shirikisho la kimataifa lilipandisha umri wa chini wa wachezaji wakubwa kutoka 14 hadi 15 mwaka 1981, na kutoka 15 hadi 16 mwaka 1997.

Sasa swali lako la mwisho, kama ubingwa ulimsaidia au ulimkwamisha. Ulimsaidia katika mambo ambayo hayafundishiki darasani: kuwajua waamuzi, kujua mwili wa msichana unasema nini dakika tano kabla ya kupanda boriti, na kuwa na uzito wa kutosha mbele ya walimu wakaidi kama Knysh, ambao wasingemsikiliza ofisa asiyewahi kushika fito. Ulimkwamisha mahali pamoja. Bingwa wa muda mrefu huja na kipimo kilichotengenezwa kwa mwili wake mwenyewe, na ni vigumu sana kwake kuamini kwamba kipimo hicho ni cha zama tu. Mchezaji wa kawaida aliyegeuka kocha hana mzigo huo. Anaweza kubadilika kila baada ya miaka minne bila kuona kama anajisaliti.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi na kazi yako, usimtazame Latynina. Mtazame Yelena Volchetskaya, aliyekuwa naye katika timu iliyoshinda dhahabu huko Tokyo mwaka 1964. Alirudi Grodno, kwenye shule ya Knysh aliyemfundisha yeye mwenyewe, akafundisha watoto wa miaka minane na tisa. Mmoja wao alikuwa Korbut, aliyekuwa mwanafunzi wake kabla ya kuhamishiwa kikundi cha Knysh. Kwa hiyo kabla ya Knysh kumpa dunia yule msichana wa Munich, kulikuwa na bingwa wa Olimpiki aliyempanga mstari na kumsahihisha vidole vya miguu, na jina lake halimo katika makala nyingi. Huo nao ni ukocha, tena ndio wenye kulisha ule mwingine.

Au mtazame Keleti, mwenzake wa dhahabu ya sakafu ya Melbourne. Wakati wa Olimpiki ile nchi yake ilikuwa imevamiwa na jeshi la Kisovyeti. Hakurudi Hungaria, akaenda Israel mwaka 1957, mahali ambapo jimnastiki ya mashindano ilikuwa karibu haipo, akaijenga tangu msingi, akifundisha walimu wa elimu ya viungo na timu ya taifa kwa miongo kadhaa. Aliaga dunia Januari 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 104. Wanawake wawili waligawana dhahabu moja, na ukocha ukawapa kazi zilizo kinyume. Mmoja alipewa wingi akaambiwa achague. Mwingine hakukuta kitu akaambiwa aanze. Ukiniuliza nani alikuwa kocha mkubwa zaidi, nitasita. Ukiniuliza nani kazi yake inapimika kwa urahisi zaidi, ni Latynina, kwa kuwa timu yake ilishindana na timu bora duniani na matokeo yameandikwa.

Limebaki jambo moja ulilolitaja mwanzoni, kwamba ukocha wake humalizwa kwa sentensi moja. Sababu ni ya kihesabu zaidi kuliko ya dharau. Tarehe 31 Julai 2012 huko London, Michael Phelps alipata medali yake ya 19 bwawani na kuivunja rekodi iliyokaa miaka 48, na Latynina, akiwa na miaka 77, alikuwapo jukwaani akitazama. Alikuwa ametaka kumvisha medali hiyo kwa mkono wake, lakini taratibu hazikumruhusu. Mwaka 2024 huko Paris, muogeleaji mwingine wa Marekani, Katie Ledecky, alifikisha dhahabu tisa na kulingana naye. Kila mara hesabu hizi zinapofanywa, jina lake hurudi magazetini na lile lile 18. Katika Olimpiki kocha havishwi medali. Dhahabu za timu za 1968, 1972 na 1976 zimeandikwa kwa majina ya wasichana waliopanda vifaa, sita kila mara, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo katika zile 18.